Picha ya Jirani

2 Aprili

Shangazi, somo yangu,

Shikamoo. Huku tupo, tunapumua vumbi. Mwaka huu limetupania kweli; ukifuta meza asubuhi, adhuhuri unaweza kuandika jina lako juu yake. Mama wa duka la kona anakusalimu sana na anasema bado anaikumbuka sindano uliyomchoma mwaka ule, na mguu nao unaikumbuka. Baba hajambo. Ana kikohozi kidogo cha maranda ya mbao, kile kile cha siku zote, na karakanani amepunguza kazi kwa kuwa wateja nao wamepungua. Amesema kiti ulichomwagiza hajakisahau, anatafuta mbao isiyo na fundo. Zaidi ya hayo ni jua tu. Mashuka nafua kila siku, yanakauka kabla sijamaliza kuyaanika.

Barua hii nampa dereva wa gari la dawa mkononi, yule mnayemwita Breki, kama ulivyonielekeza. Naomba isilale njiani, maana jambo lenyewe lina tarehe.

Shangazi, nimepata. Si kimoja, viwili. Chuo cha uuguzi wamenichukua na chuo cha mionzi wamenichukua, vyote vya bweni, vyote miaka mitatu. Fomu ni moja. Unaweka alama kwenye kisanduku kimoja kati ya viwili, unairudisha, na isipofika kabla ya tarehe 25 Mei nafasi anapewa mwingine. Nimeiweka chini ya kitambaa cha meza. Kila nikikaa kula naona pembe yake imechungulia.

Baba hataki kusikia habari ya mionzi. Anapita akiwatangazia watu kwamba sasa atakuwa na masista wawili, mmoja dada yake, mmoja binti yake. Mimi moyo umeelekea kwenye mionzi, na sababu yake naona haya kuisema kwa mtu kama wewe. Mgonjwa wa picha ya eksirei anaingia, anasimama, anavuta pumzi, anaizuia, anatoka. Humgeuzi, humwoshi, hujui jana alikula nini au alikataa nini. Sidhani kama mimi ni mtu wa kukaa na mgonjwa mpaka mwisho, shangazi. Naogopa.

Nichagulie wewe. Taja kisanduku, nami nitaweka alama.

Ni mimi,
somo yako


14 Aprili

Somo,

Marahaba, mwanangu, marahaba mara mbili, moja kwa kila chuo. Barua yako Breki aliileta akageuza gari kabla sijafungua bahasha, ndiyo maana jibu linasubiri Alhamisi yake nyingine. Ndivyo tulivyo huku: gari la dawa kila wiki ya pili, na simu ya upepo ambayo ni ya kuombea gari la wagonjwa, tena kila kituo kinakusikia.

Mimi ni mzima, mgongo ndio hautaki maelewano. Mwenzangu amekwenda likizo ya uzazi, kwa hiyo wodi ni mimi, mfagiaji, na Mungu. Vitanda kumi na vinane, wagonjwa ishirini na mmoja. Daktari anapita mara moja kwa mwezi, akipata mafuta. Mwambie kaka yangu kwamba kiti nakitaka mwaka huu, si kwenye mirathi, na aandike mwenyewe. Mkono wa kushika randa haushindwi kalamu. Ananitumia salamu kupitia kwako kila mara, ana nini?

Sasa vyuo. Ukitaka kunipata kwa kusema "nichagulie", hunipati. Alama niliyoweka mimi ilikuwa yangu, na siku mgongo unaponiuma sina wa kumlaumu. Sitakupa wa kumlaumu.

Nitakwambia niliyoyaona tu. Hospitali niliyoanzia kulikuwa na mtu wa picha tuliyemwita Bwana Usipumue, kwa kuwa ndilo neno alilosema kutwa nzima. Mtaratibu, mikono safi, saa kumi yuko getini na baiskeli yake. Nilimwonea wivu miaka miwili. Anakaa nyuma ya ukuta wenye madini ya risasi, ya kuzuia mionzi, anabonyeza, basi. Sisi tulikuwa tunatoka na matapishi viatuni. Siku moja nikamkuta kwenye kile chumba chake cha giza cha kusafishia picha, amekaa juu ya ndoo. Alikuwa amempiga picha mtoto wa mwalimu wake. Mwalimu yuko nje kwenye benchi, anamngoja atoke amwambie, naye haruhusiwi kumwambia, anayesoma ni daktari. Alikaa kwenye ndoo mpaka mwalimu akaondoka.

Na uuguzi? Muuguzi anaulizwa kila kitu na hajui lolote, lakini angalau ana la kufanya: utalainisha mto, utaleta maji. Ni kidogo, mwanangu, kuna siku ni kidogo mpaka unajichukia. Ila mikono haikai bure.

Kuogopa si hoja. Mimi mwaka wa kwanza nilizimia mara nne, na mara moja nilimwangukia mgonjwa. Weka alama yako.

Shangazi yako


13 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nilichelewa kukujibu, unisamehe, siku zimekuwa fupi. Tupo. Kitanda cha baba tumekihamishia sebuleni kwa ajili ya upepo. Amecheka sana habari ya kumwangukia mgonjwa, akasema hata utotoni ulikuwa ukianguka unachagua pa laini. Ataandika, anasema, akimaliza kazi aliyo nayo mkononi.

Fomu bado iko chini ya kitambaa. Zimebaki siku kumi na mbili, najua, usinigombeze.

Leo nina ombi jingine. Katika bahasha kubwa utakuta picha ya kifua. Si ya mtu wetu. Ni ya jirani, fundi saa wa nyumba ya tatu, mtu wa makamo, hana ndugu hapa. Amekohoa tangu mwaka jana na amekonda. Makohozi yamepimwa mara tatu, wakasema si kifua kikuu. Daktari wa hapa amekwenda masomoni, kwa hiyo wamemwandikia aende na picha yake hospitali kubwa, siku mbili kwa basi. Anataka kujua kama kuna maana ya kwenda. Nikasema ninaye shangazi. Kona moja ya picha imekatika, usiijali.

Mimi ndiye niliyemsindikiza kupigwa. Yule wa picha alikuwa mchangamfu, anamtania, anamwambia ashushe mabega, hakuna anayemdai. Kisha akaitundika picha kwenye taa, akaanza kutafuta bahasha. Nikamwuliza, "Umeonaje?" Akasema, "Dada, mimi napiga tu, anayesoma ni daktari." Akanipa bahasha kwa mikono miwili, wala hakunitazama. Alikuwa ameona, shangazi. Nikamkumbuka Bwana Usipumue wako na ndoo yake.

Niambie kama unavyoambiana na wauguzi wenzako. Usinifiche chochote kwa kuwa mimi mdogo. Jirani mwenyewe anataka ukweli.

Somo yako


16 Mei

Somo,

Breki anateremsha maboksi na ameshaanza kutazama saa, kwa hiyo naandika mbio, nimesimama. Salamu kwa wote.

Picha nimeibandika kwenye kioo cha dirisha la chumba cha sindano. Mimi si daktari na sina ruhusa ya kusoma picha, hilo lijue. Lakini nimeziona nyingi, na hii haihitaji daktari. Pafu la kulia limejaa weupe kuanzia chini hadi karibu na bega. La kushoto lina madoa, nimehesabu saba nikaacha. Kama makohozi ni safi, basi ni ule ugonjwa unaouogopa kuutaja, na umekwisha kutembea.

Mwambieni asiende. Basi la siku mbili litamla siku ambazo angezilala kitandani kwake, na huko hospitali kubwa watampa kitanda cha kusubiria tu. Miezi miwili, mitatu akiwa mbishi. Alazwe ameinuliwa kwa mito, ageuzwe kila baada ya saa mbili, visigino na kiuno vikaguliwe kila siku visianze vidonda. Na awe na mtu. Mwisho wa ugonjwa huu ni kukosa hewa, na si vizuri mtu akose hewa akiwa peke yake. Huyo atakayemkalia asiwe na safari nyingine.

Nakwambia wazi hivi kwa kuwa umetaka na kwa kuwa si mtu wenu. Ndugu wa mgonjwa mimi huwapa kiti kwanza.

Picha naibakiza, nimwonyeshe daktari akipita, huenda nimekosea. Kona yake haikukatika, imekatwa kwa mkasi, pale pale panapoandikwa jina. Mwambie fundi saa ugonjwa hauna aibu.

Na ile fomu, mwanangu, irudishe.

Shangazi


19 Mei

Somo,

Leo Jumapili, naandika barua isiyo na gari. Breki hatakuja kabla ya tarehe 30. Naandika hivyo hivyo, maana nisipoandika nitamwambia mfagiaji, naye atanijibu kwa huruma, na huruma siitaki.

Asubuhi niliingia chumba cha sindano kuchemsha vifaa. Jua lilikuwa limepiga dirisha lile. Siku ile ya Alhamisi nilitazama mapafu tu, mbio, macho yakiwa kwa Breki. Leo nimetazama mifupa. Mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa juu ya kifua, ulivunjika zamani ukaunga vibaya, ncha moja imekaa juu ya nyingine, na chini yake kuna kipande kidogo kimebaki peke yake.

Mtulinga ule naujua. Nilikuwa na miaka tisa, kaka yangu kumi na mmoja. Alipanda paa la stoo kunitolea mpira, mimi nikaona utani mzuri ni kuondoa ngazi. Alining'inia, akaita, nikacheka, akaanguka. Akawaambia wazazi kwamba ngazi iliteleza, na mpaka leo ni hivyo, iliteleza. Nimeushika ule uvimbe wa bega lake mara ngapi, tukisalimiana.

Kwa hiyo usiniandikie tena habari za fundi saa. Nimekaa nimesoma barua zako zote upya, na ningekuwa mkufunzi ningejifelisha. Mashuka yanafuliwa kila siku. Kitanda kimehamia sebuleni. Kazi imepungua, kiti hakiishi, barua haandiki. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza angeuliza nani amelala. Mimi nikakuandikia hadithi za ndoo.

Sasa sikiliza. Tarehe 25 ni Jumamosi ijayo. Barua yangu ya Alhamisi umeshaisoma, najua umeshaisoma, na najua umekwama wapi. Nimeandika kwa mkono wangu kwamba anayemkalia asiwe na safari nyingine. Sikuwa nasema na wewe. Nilikuwa nasema na mtu asiyekuwepo. Weka alama, kisanduku chochote, rudisha fomu, chuo hakifunguliwi mpaka Septemba na kabla ya hapo mimi nitakuwa nimefika. Nimeomba ruhusa kwa simu ya upepo, vituo vyote vikinisikia nikisema "kaka yangu". Wamesema watanitafutia wa kunishikia wodi.

Naandika haya nikijua yatakufikia mwezi mwingine. Sijawahi kutamani kitu kama ninavyotamani Breki akosee siku aje kesho.


30 Mei, kwenye karatasi ile ile

Breki amefika, na barua yako ya tarehe 27 nimeisoma hapa hapa mlangoni. Ina mistari minne. Jirani anashukuru kwa ushauri. Jirani hatasafiri. Baba hajambo. Na "kuhusu fomu usiwe na wasiwasi, mambo yamekwisha." Yamekwishaje? Kisanduku gani? Mtu hamalizi barua hivyo akiwa ameweka alama.

Wa kunishikia wodi hakuja. Wamesema gari lijalo. Nina mama wawili wa uchungu na mtoto aliyeungua, nikitoka leo anabaki mfagiaji. Nilimwambia Breki anisubiri nusu saa nifikiri. Akasubiri saa nzima, maskini, yeye asiyezoea kusubiri. Kisha mmoja wa wale kina mama akaniita.

Shangazi


9 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako ndefu nimeipokea kwenye bohari ya dawa, Breki anakopakia, na nimeisomea pale pale nimeegemea magunia ya pamba, mtunza bohari akajifanya ana kazi nyuma.

Ni kweli yote. Baba alinikataza. Alisema, "Dada yangu ana wagonjwa wa kumtosha, usimwongezee." Kona niliikata mimi, kwa mkasi wa kushonea. Na si kwa ajili ya agizo lake tu. Nilijua ukijua ni yeye utanipa kiti kwanza, kisha utanipa uji wa maneno. Kila mtu alikuwa ananipa huo uji. Mimi nilitaka kuambiwa. Sasa nimeambiwa, na kuna siku nachukia kwamba nilikuwa mjanja kiasi kile.

Usijilaumu kuhusu kuandika asiwe na safari nyingine. Hata usingeandika.

Umeuliza fomu. Siku ya mwisho ya kuituma nilikuwa nambadilisha baba, nikaja kukumbuka saa kumi, posta wameshafunga. Huo ndio uongo niliouandaa kukuandikia. Niliikumbuka tangu alfajiri, shangazi. Niliitoa chini ya kitambaa, nikashika kalamu mpaka ikapata joto mkononi. Vyuo vyote ni vya bweni. Nani angemgeuza saa nane mchana? Mama wa duka la kona anakuja asubuhi, ananyanyua upande mmoja, analia, inanibidi nimbembeleze na yeye. Nikairudisha chini ya kitambaa. Imebaki hapo, haina alama popote.

Kisigino cha kulia kilianza kuwa chekundu, nimekiwekea mto mdogo, nakikagua kila siku kama ulivyoandika, kimetulia. Maji anakunywa kwa kijiko. Usemavyo ni kidogo mpaka unajichukia, sasa nakuelewa.

Yeye hajui kilichomo kwenye picha. Anajua umeibakiza umwonyeshe daktari na ametulia kwa hilo, anasema iko kwenye mikono mizuri. Hakuuliza kwa nini hurudishi jibu. Nadhani hataki kuuliza.

Anachouliza kila siku ni chuo. Mwanzo nilimkwepa. Juzi akanishika mkono, akasema, "Fomu ulituma?" Nikasema nilituma. "Ukachagua kipi?" Mdomo wangu ukasema mionzi, sijui kwa nini, labda nilitaka angalau nibaki na lile nililolitaka. Nilidhani atakasirika. Akatafuta pumzi, kisha akasema, "Vizuri. Ukihitimu utakuja unisomee picha yangu." Miaka mitatu, shangazi. Nikamwambia ndiyo, baba, nitakusomea.

Tangu hapo haishi maswali. Bweni lina madirisha? Chakula kikoje? Natunga tu. Jana akauliza sare. Ya wauguzi anaijua, ni yako. Ya mionzi hajawahi kuitazama, na mimi siku ile hospitali sikumtazama yule bwana nguo, nilimtazama uso. Nikasema nitauliza. Anasubiri, kila akizinduka anaanzia hapo.

Shangazi, ni ya rangi gani?

Somo yako


13 Juni

Somo,

Gari limekuja. Limeleta glavu, dripu na maboksi mawili ya sabuni. Wa kunishikia wodi hayumo. Wamesema mwisho wa mwezi. Nimewajibu kwa simu ya upepo maneno ambayo vituo vyote vitayakumbuka, na hayakubadilisha kitu.

Daktari alipita juzi akaitazama picha dirishani. Sikumwambia ni ya nani. Amesoma kama nilivyosoma mimi.

Kuhusu fomu sitakugombeza na sitakwambia umefanya vizuri.

Mbadilishe upande taratibu, ukianza na bega, si kiuno. Pumzi ikimbana mkalishe, keti nyuma yake, akuegemee kifuani, upumue taratibu yeye akisikia. Atafuata. Nimewafanyia wengi hivyo, na ninakwambia wewe umfanyie kaka yangu kwa sababu mimi siwezi kufika.

Sare ni nyeupe. Shati la mikono mifupi lenye vifungo vitano, kola ya buluu iliyoiva, suruali ya buluu hiyo hiyo. Kifuani kushoto kuna kibandiko kidogo, mraba, kinachopima mionzi inayomfikia mwenyewe, na kila mwezi kinapelekwa kukaguliwa ili asidhurike. Hilo usisahau kumwambia, atataka kujua kama utakuwa salama. Viatu ni vyeusi vya kufunga kamba. Mwambie umekwisha kupimwa na fundi, na mabega yamekukaa sawa.

Mwambie hivyo, mwanangu, kama bado anauliza.

Shangazi yako